Umeosha Njumu?

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi asubuhi. Joto la kunata, fulana imelowa kabla hata sijakimbia. Tulipomaliza nimeokota koni zote, nimekunja vizibao, nimekaa bombani na brashi kuosha njumu zangu. Wenzangu wamekwenda kuoga wakaniacha na tumbili wawili juu ya uzio, wakingoja ndizi. Lwazi, nahodha wetu, amenipigia kelele kutoka mlangoni: "Eish, Norway, acha hizo, kuna mwenye kazi hiyo!" Nimecheka nikaendelea kusugua.

Norway ndilo jina langu hapa. Siku niliyotambulishwa mashabiki walikuja kumwona kijana mrefu, mweupe, nywele za njano. Wakakutana na mimi, mtoto wa Kibembe aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma akakulia Norwei, miguu mifupi, kichwa kimesukwa. Bibi mmoja aliuliza Mnorwei mwenyewe anafika lini.

Nina miaka ishirini na mmoja. Beki wa kushoto. Mkataba wangu unaisha Mei, na meneja wa klabu ameahidi jibu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kama wataniongeza mwaka au la. Nataka kubaki. Nataka sana, sitajidanganya. Kule nyumbani klabu yangu iliniacha na hakuna nyingine inayonisubiri.

Kitabu hiki nakirudisha chini ya godoro. Kule Norwei niliandika Kiswahili ili wenzangu wa akademi wasisome. Hapa Durban nusu ya Albert Park, mtaa uliojaa Wakongo, inaweza kunisoma.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja amenikuta tena bombani. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia hakuna, ndivyo tulivyolelewa. Nikamweleza habari za dugnad. Ni neno la Wanorwei, siku ya watu wote kufanya kazi ya pamoja bila malipo. Majira ya kuchipua yakifika, theluji ikiyeyuka, mji mzima unatoka na reki. Mwalimu mkuu anakwangua rangi, daktari anabeba mbao. Na mchezaji, hata awe nyota, anabeba magoli na kuosha njumu zake.

Baba alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na hawa wazungu iko na salongo!" Salongo ndiyo ile kazi ya bure waliyofanyishwa Kongo alipokuwa mtoto, kufagia barabara huku mtu wa serikali amesimama akihesabu vichwa.

Hilo la Baba sikumwambia meneja. Amefurahi sana. Anasema hii ndiyo nidhamu anayoitafuta. Ameniomba nimwandikie ratiba, nani aokote koni lini, nani aoshe vizibao, na kila mtu njumu zake. Nimeiandika leo mchana kwa kalamu nyekundu na ya buluu. Mwandiko wangu mzuri. Nimejisikia mtu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeongea na nyumbani. Bado theluji. Mama anauliza kama nakula, Baba anauliza lile swali lake. Kila Jumapili, tangu niende akademi nikiwa na miaka kumi na sita, haagi bila kuliuliza. "Umeosha njumu?" Ndiyo Baba. "Bon." Vema, kwa Kifaransa chake. Anakata.

Nimebaki nimekaa kitandani na simu mkononi, roho iko kule.

Nimemkumbuka Baba na zile funguo zake. Kambini alikuwa mwalimu wa hesabu. Norwei wakampa kazi ya kusafisha ukumbi wa klabu ya watoto, ule wa ndani tunamochezea wakati wa baridi. Funguo kumi na nne kwenye mkanda, anatembea anasikika. Alfajiri, kabla ya shule, alinichukua. Nje giza, baridi inauma pua, ndani taa zinawaka moja moja zikiunguruma. Yeye anasukuma mashine ya kuoshea sakafu katikati, mimi nakimbia na mpira pembeni. Sharti lilikuwa moja, nisikanyage penye maji. Makocha huniuliza nani alinifundisha kushikilia mstari vile. Nani anifundishe? Katikati palikuwa pamelowa.

Harufu ya ile sabuni ya sakafu. Ningeinusa leo ningelia mbele za watu.

Baadaye Baba akapata kazi kiwanda cha samaki, asubuhi zile zikaisha. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwaka huohuo ndio ilikuwa ile dugnad kubwa ya ukumbini. Picha yake bado ninayo kwenye simu. Wazazi wote wameshika fagio, Mama yuko mezani anachoma maandazi yale bapa ya Wanorwei, waffle, mimi na rafiki zangu tumepanda mashine ya Baba. Siku ya furaha kuliko zote nilizoishi kule. Mji mzima umekuja kufanya kazi na baba yangu!

Jumanne, 11 Machi

Ratiba imebandikwa ukutani. Manung'uniko. Golikipa amesema mama yake hakumzaa aje kukunja vizibao. Meneja amesimama karibu, wakavikunja.

Baba Cele amekuja kuisoma. Huyu ndiye mtunza vifaa wetu, mzee wa Kizulu, yuko klabuni miaka ishirini na mbili. Chumba chake kiko mwisho wa korido, kina harufu ya rangi ya viatu na dawa ya kuchua. Mwezi wangu wa kwanza hapa alinitazama nikikimbia, akaniita, akanivua kiatu cha kushoto. Hakuuliza kitu. Akakata kipande cha ngozi kwenye njumu kuukuu akakipachika ndani. Tangu siku ile sijapata lengelenge. Madaktari wawili wa Norwei walikuwa hawajaona kwamba mguu wangu mmoja ni mfupi kidogo.

Amesoma ratiba yangu mstari kwa mstari. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nimemwambia sasa atapumzika. "Ngiyabonga, ndodana," akasema. Asante, mwanangu. Akarudi chumbani kwake na ile brashi yake mkononi.

Nadhani amefurahi. Wazee hawaonyeshi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumeshinda mbili bila. Nimecheza dakika zote. Bao la pili krosi yangu. Meneja amenishika bega mbele ya wote, akasema watu wa aina yangu ndio anaowataka. Kama mambo yenyewe ndiyo haya, ule mwaka mmoja uko mfukoni.

Njumu nimeziosha zikang'aa.

Alhamisi, 20 Machi

Lwazi huja kunichukua asubuhi na gari lake, pale kwenye robot karibu na fleti ninayokaa mtaa wa Point. Robot ni taa za barabarani, ilinichukua wiki nzima kuelewa. Leo taa imewaka kijani yeye hakuondoka. Wa nyuma wanapiga honi. Akasema, bila kunitazama: "Unajua Baba Cele anamaliza tarehe thelathini na moja?"

Nikauliza anamaliza nini.

"Kazi. Wamemwambia wachezaji wanaweza wenyewe. Wamemwonyesha na karatasi yako."

Taa imerudi nyekundu tukiwa palepale.

Sikumbuki mazoezi. Kocha amenifokea mara mbili. Wenzangu hawasemi nami, wanapitisha mpira kulia. Baba Cele amepita na kikapu cha taulo, amenisalimu kama kawaida. Afadhali angenipiga.

Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nilitenda nikakaa kutazama nisifiwe. Mzee wa watu amemwaga unga kwa kalamu yangu nyekundu na ya buluu.

Ijumaa, 21 Machi

Sikukuu, hakuna mazoezi. Nimekwenda Albert Park kwa Tantine Riziki, mdogo wake Mama. Ana saluni chini ya ghorofa lao, viti vitatu, redio ya kwaya haizimwi. Ndiye anayenisuka. Nilitaka anionee huruma. Nimemsimulia yote kichwa changu kikiwa mapajani mwake.

Akaacha kusuka.

"Ule muzee alikukosea nini?"

Nikasema nilikuwa nasaidia tu.

"Kusaidia? Mutu akiingia humu, aanze kusuka baclients yangu bure, anacheka, anaimba. Iko ananisaidia ao iko ananiua?" Wateja wote wamegeuka. "Huku kazi ya mutu ni jina yake. Weye umekuya na adabu ya kwenu, mais ukasahau kuuliza. Bon. Enda utengeneze. Ile nusu ya kichwa nitaimalizia siku utatengeneza."

Kweli hakumaliza. Nimerudi Point nusu nimesukwa nusu nywele zimesimama. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu hajakosea.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi nilifungua ile picha ya dugnad nijifariji. Nimeitazama sana. Nimeikuza kwa vidole. Baba yuko katikati, mopu mkononi, koti la Jumapili. Anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Nikatafuta funguo kwenye mkanda wake.

Hakuna funguo.

Miaka kumi nimebeba picha hii sikuwahi kuona.

Nimepiga simu saa ile ile. Sikusalimu hata vizuri. Nikamuuliza, Baba, ile kazi ya ukumbini uliacha au uliachishwa? Nikasikia anazima redio. Akasema klabu ilipanga wazazi wasafishe kwa zamu, ili kupunguza gharama. Walimwandikia barua nzuri sana. Wakampa na maua. Na ile Jumamosi ya kwanza akaenda kama mzazi, kwa sababu mzazi asiyekwenda dugnad anasemwa.

Mbona hukuniambia?

"Ulikuwa na furaha sana ile siku," akasema. "Unasukuma ile mashine na rafiki zako. Ningesema nini?"

Nikamweleza kuhusu Baba Cele, kwa haraka, maneno yanagongana. Amesikiliza mpaka mwisho. Akasema Mama anasalimia.

Leo hakuniuliza kuhusu njumu.

Nimelia. Nimenawa uso, nikalia tena. Siku yangu ya furaha kuliko zote, kumbe yeye alikuwa amesimama pale akitazama kazi yake ikigawanywa, huku mwanawe akishangilia. Mji ule naupenda, waffle zile nazipenda, na watu wale hawakuwa wabaya hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna wa kumchukia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda ofisini kwa meneja. Nilijiandaa tangu alfajiri. Nimesema ratiba ni kosa langu, aitoe, Baba Cele abaki. Hakukasirika. Amenimiminia chai. Akasema mimi bado kijana, mgeni pia, mambo ya uendeshaji nimwachie, mimi nicheze mpira. Halafu akafungua kalenda yake: "Ijumaa tunakaa kuongea juu ya mkataba wako. Usijiharibie."

Nikasema asante.

Asante! Nimetoka na kile kikombe mkononi, nikalazimika kurudi kukirudisha. Mwoga. Naandika hapa ili nisome siku nitakapojisahau.

Jumanne, 25 Machi

Nimegonga mlango wa Baba Cele. Anapanga vitu vyake kwenye boksi, brashi, gundi, sindano nene za ngozi. Nimemwomba radhi. Kizulu changu ni cha salamu tu, nimetumia Kiingereza, na Kiingereza kikaniishia.

Amenisikiliza. Kisha akasema taratibu: "Miezi saba unapita hapa mlangoni. Umeazima brashi yangu mara ngapi? Hukuwahi kuniuliza kama nataka kusaidiwa."

Ni kweli. Brashi yenyewe ilikuwa yake.

Nimeuliza nifanye nini. Akasema yeye hajui, yeye ni mtunza vifaa, kazi yake ni viatu. Akanyoosha mkono nimpe cha kushoto. Kile kipande cha ngozi kilikuwa kimeanza kubanduka, mimi sijaona. Amekigundisha upya, akakibana kwa dole gumba, amekishikilia muda mrefu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu asubuhi. Uwanja tope tupu. Tumefanya mazoezi hivyo hivyo, tumetoka kama watu waliofukuliwa.

Ratiba inasema leo kila mtu bombani. Nimesimama katikati ya chumba cha kubadilishia, kichwa nusu kimesukwa, nikasema nina neno. Wengine wakaendelea kuvua soksi. Nimesema ile ratiba niliandika mimi, na nimekosea. Nimesema baba yangu aliwahi kuachishwa kazi hivi hivi, na mimi nilishangilia. Nimesema leo siendi bombani. Basi.

Nikavua njumu zangu na tope lake lote. Nikatembea peku korido nzima, nikaziweka mlangoni kwa Baba Cele.

Kuacha viatu vichafu mbele ya mlango wa mzee! Mama angenizaba kofi. Miaka yote ya kulelewa ilikuwa inanivuta shati nirudi nizichukue.

Lwazi amekuja nyuma yangu. Ameweka zake pembeni ya zangu, amezinyoosha zikae sawa. Halafu golikipa. Halafu wengine, peku, kama watu wanaoingia msikitini. Jozi ishirini na tatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulisikia boksi likiburutwa ndani.

Alhamisi, 27 Machi

Tumefika tumekuta njumu zote zimepangwa kwenye rafu, kavu, zimeng'arishwa kwa rangi. Kamba mpya kwa waliokatikiwa. Mzee alikuja na basi la kwanza.

Meneja ametuita. Amenitazama mimi tu. Amesema hii ni klabu, siyo chama cha wafanyakazi. Kocha, ambaye huwa hajiingizi, amekohoa akasema tangu ratiba ianze mazoezi yanachelewa, vijana wanasimama bombani miguu inapoa, watatu wana misuli iliyokaza. "Mimi nataka wachezaji," akasema. "Wasafishaji siwahitaji. Ninaye Cele."

Meneja ametoka bila kufunga mlango.

Sijui kocha alisema kwa ajili ya misuli au kwa ajili ya mzee. Sitamuuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Karatasi ya ukutani imeondolewa. Imebaki gundi kwenye pembe nne. Baba Cele anabaki. Lwazi amesikia kwa katibu, kisha kila mtu akasikia kwa Lwazi.

Saa nane nilikuwa ofisini. Chai haikuwepo. Meneja amesema kuhusu ule mwaka wa kuongeza bado hawajaamua. Wataona Mei. Nimekuwa mpirani muda wa kutosha kujua "wataona" maana yake nini. Alichonipa siku ile kwa kunishika bega, leo amekichukua.

Nimetembea kwa miguu mpaka Albert Park, njia yote. Ninaogopa. Mwezi wa sita huenda niko kwenye basi la kiwanda cha samaki pembeni ya Baba. Nimeiwaza picha hiyo kwa muda mrefu. Si picha mbaya kama nilivyodhani, lakini siitaki.

Tantine ameniona mlangoni, akapiga kiti kwa kiganja. "Ikala." Amemaliza ile nusu bila kuuliza kitu. Mwisho akanipaka mafuta mengi kuliko kawaida.

Jumapili, 30 Machi

Jana sare, bao moja kwa moja. Niliingia dakika ya sitini. Mvua imekwisha, jua la taratibu, watu wamerudi ufukweni.

Baada ya mechi nilikwenda kwa Baba Cele. Nikagonga. Nikauliza kama naweza kukaa. Akasogeza boksi, lile lile, sasa tupu. Amesugua njumu zangu mbele yangu, kwanza soli, kisha kisigino, kisha ulimi. Mikono yangu niliiweka chini ya mapaja. Niliona mahali pawili alipopita haraka, ningepasugua zaidi. Sikusema. Ana redio ndogo na funguo zake ziko kwenye msumari mlangoni. Nilizihesabu. Tisa.

Leo nimepiga nyumbani. Mama ameuliza kama nakula. Theluji inayeyuka, wameanza kutoa reki. Halafu Baba akachukua simu. Tumeongea kuhusu sare, kuhusu goti lake. Kisha nikajua lile swali linakuja.

"Umeosha njumu?"

"Hapana, Baba. Nimemwachia mwenye kazi."

Nikasikia anavuta kiti anakaa.

"Bon," akasema. "Bon, mwanangu."

Na hakukata.